Sauti Sikioni mwa Baba

Mlioniacha wiki jana dirishani, naitazama pikapu ya Shemeji, mume wa Dada, ikirudi nyuma hadi mlangoni kwa Baba, mlitaka kujua kamba zile nyuma ya gari zilikuwa za nini. Zilikuwa za kufungia kitanda cha Baba, na kabati lake, na benchi lake la useremala.

Kwa anayeanza kunisoma leo nitasema kwa ufupi, maana aibu ikirudiwa mno inageuka majigambo. Mimi ni fundi simu na ni kitindamimba. Mke aliniacha, kibanda changu cha kazi kikaungua, na Mama alipofariki nilikuwa nimemnunia Dada kiasi cha kukata simu zake kumi na saba. Nilifika siku mbili baada ya mazishi. Viti vya wageni vilikuwa vimesharudishwa.

Tangu hapo naishi kwa Baba, fundi seremala mstaafu. Dada yangu ni mkuu wa wodi, na anasema akili ya Baba imeanza kumtoroka. Mtu wa namna hiyo, anasema, haachwi kwenye nyumba yenye jiko la gesi na misumeno. Ahamie kwake, ghorofa ya tatu. Baba anasema nyumbani mwake atatoka siku akibebwa.

Jiko, kweli, Baba aliliacha likiwaka mara mbili. Dada anajua mara moja tu. Ile ya pili niliificha mimi.

Ndipo Dada akaja na sharti lake. Wacheze vigae vya maneno, ule mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vigae vya herufi, Jumapili tatu, alasiri, kama Baba na Mama walivyokuwa wakicheza. Baba akishinda mara mbili kwa akili yake mwenyewe, habari ya kuhama inakufa. Akishindwa, anahama siku hiyohiyo. Jumapili ya kwanza alishinda Baba. Ya pili alishinda Dada. Leo nawapa ya tatu.

Lakini kwanza ungamo langu. Ule mchezo wa kwanza hakuushinda Baba. Iliushinda simu yangu.

Kuna programu ya kutafuta maneno. Unaiingizia ubao ulivyo, unaiingizia vigae saba vya mchezaji, na kabla hujameza mate imeshakupa neno lenye alama nyingi kuliko yote, na mahali pa kuliweka. Mimi ndiye niliyekuwa mwandika alama, kwa hiyo kila mtu aliona ni sawa kuwa na simu mkononi, najumlisha. Na kile kifaa cha Baba cha kusikia, alichonunuliwa na Dada mwenyewe, kinapokea sauti ya simu moja kwa moja. Simu ikisoma, anayesikia ni Baba peke yake.

Baba alikataa mwanzoni.

"Nimecheza na mama yako miaka arobaini," alisema. "Hakuna mtu aliyeninong'oneza."

"Baba, unataka kulala ghorofa ya tatu uwe unasikia majirani wakisukutua?"

"Kwa sikio gani?" akacheka. Kisha kicheko kikamwisha. "Na hiyo simu ikikosea?"

"Haikosei, Baba."

Tukapanga ishara chini ya meza. Akinifinya goti mara moja: nimesikia. Mara mbili: rudia. Mara tatu: una hakika? Nami nikiwa na hakika nakohoa.

Na kuna jambo moja ambalo linaniuma kuliko yote. Wiki zote zile sikumwacha Baba acheze mwenyewe, hata mara moja, nione anaweza au hawezi. Niliogopa kujua.

Vigae vyenyewe si vya dukani. Baba alivichonga kwa vipande vya mbao vilivyobaki kazini. Mama, ambaye alikuwa mpiga taipu na alijua herufi gani huchoka haraka, ndiye aliyepanga kila herufi iwe na vigae vingapi. Aliandika orodha kwa mkono wake akaibandika ndani ya kifuniko cha sanduku. Programu haiwezi kuhesabu bila kujua vigae viko vingapi, basi nikaipa orodha ya Mama, herufi kwa herufi.

Mchezo wa pili, ambao vigae vibaya vilimwangusha Baba hata kwa msaada wa simu, ulipokwisha, simu ilionyesha kuwa kigae kimoja kimebaki kwenye mfuko wa kuchotea vigae, na mfuko ulikuwa mtupu. Nikadhani niliruka kigae wakati wa kuingiza. Nikafuta, nikaenda zangu kulala.

Jumapili hii Dada aliingia akiwa bado na viatu vya kazini.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama."

"Umekula?"

"Nimekula, nimeoga, nimemeza dawa, na leo ni Jumapili. Una swali jingine, daktari?"

Dada akacheka bila kutaka. Shemeji, ambaye ni fundi vioo na hawezi kuona kitu bila kukipima, alikuwa ameshatoa futi yake mfukoni na kuilaza kwenye kabati.

"Shemeji, mbona mapema hivyo?" nikamwambia.

"Napima tu. Kupima si kubeba."

Tukaketi. Dada upande ule, na mfuko wa vigae mapajani mwake. Baba upande huu, nami kando yake na daftari na simu.

Mchezo ulikwenda vizuri mpaka nikaanza kujisifu moyoni. Dada akiweka neno, mimi naandika alama na kuingiza neno. Simu inasoma. Baba anasikiliza, ananifinya mara moja, anaweka vigae kwa vidole vile vinene, kimoja kimoja, akivisawazisha kana kwamba anaunga fremu ya mlango. Alikuwa mbele kwa alama thelathini.

Mara kifaa kikaanza kulia sikioni mwake.

"Kinapiga kelele hiki," Baba akasema.

"Betri hiyo," Dada akasema. "Lete."

Nilikuwa nimeshabonyeza simu isome. Niliuona mshale ukizunguka kwenye kioo, programu inatafuta neno, na Dada ameshakishika kifaa. Akatoa betri mpya kwenye pochi yake, maana wauguzi hawakosi kitu, akaibadilisha, kisha akakipachika kifaa kwenye sikio lake mwenyewe.

Nikabonyeza kusimamisha. Kidole kilikuwa na jasho, kioo kikakataa. Nikakifuta kwenye suruali, nikabonyeza tena. Kikakataa.

"Subiri nisikilize kama kinafanya kazi," Dada akasema, na kufumba macho.

Mara ya tatu kikakubali.

"Kiko kimya," akasema.

"Kimya kizuri au kibaya?" Shemeji akauliza kutoka kabatini.

"Kimya cha kawaida." Akakirudisha. "Na wewe mdogo wangu, mbona unatoka jasho hivyo? Anayecheza ni Baba."

"Joto, Dada."

Akanitazama kidogo, akarudi kwenye vigae vyake. Nilipaswa kuacha pale pale. Mtu mwenye akili angeizima simu, akasema imeisha chaji, akamwachia Baba mchezo wake aumalizie. Mimi nikapumua, nikaendelea.

Dada akapiga maneno mawili makubwa, moja baada ya jingine. Pengo likashuka hadi alama kumi na mbili. Neno lake la mwisho lilikuwa AMANI, limelala kushoto kwa ubao, na mraba mmoja tu mbele yake ndio ule mwekundu unaozidisha neno mara tatu. Ikawa zamu ya Baba.

Nikaingiza. Programu ikajumlisha vigae vyote vya orodha ya Mama, ikatoa vilivyo mezani, ikatoa saba vya Baba. Vimebaki vinane, ikasema: saba kwa Dada, kimoja mfukoni. Na kati ya hivyo vinane kulikuwa na Z. Orodha ilisema Z ni mbili. Moja ilikuwa imeshawekwa tangu mwanzo.

Mtu akiwa na Z, anaitia mbele ya AMANI anapata ZAMANI, mara tatu, na mchezo kwisha. S na T zingefaa pia, lakini zote zilikuwa zimeshatoka; na RAMANI ilikuwa imeshawekwa, na kwa sheria ya Mama neno halirudiwi. Hatari ilikuwa Z peke yake.

Nilimtupia Baba jicho. Kwenye kibao chake alikuwa ameshasogeza vigae vitano pamoja, na vile viwili vilivyobaki akaviweka kando. Vile vitano vilisomeka RANDA. Kulikuwa na mahali pake upande wa kulia, alama thelathini na moja. Hakuambiwa na mtu. Alikuwa ameliona mwenyewe.

Hata hivyo programu ilisema vingine. Ilisema: weka UA, alama nne, wima juu ya ule mraba mwekundu wa kona, ili Z ikose pa kukaa. RANDA ingesubiri.

Nikaisomesha.

Baba akasikiliza. Hakugusa vigae. Kisha mkono wake ukaja gotini kwangu. Mara moja, mara mbili, mara tatu.

Una hakika?

Kwa wiki tatu hakuwahi kunifinya mara tatu. Nikaangalia simu. Simu ilikuwa na hakika. Nikakohoa.

Akanigeukia, akanitazama usoni kwa muda mrefu, kwa huruma ambayo sikuielewa. Kisha akachukua U, akachukua A, akaziba ile kona.

"Nne," nikasema, nikaandika.

Baba akakunja mikono. Hakuuomba mfuko.

"Chukua kigae, Baba," nikamwambia. "Kimebaki kimoja."

Dada akainua kichwa.

"Kimebaki kimoja wapi?"

"Mfukoni."

Akauinua mfuko kutoka mapajani, akaugeuza chini juu, akautikisa. Hakikudondoka kitu.

"Nani kakwambia kimebaki kimoja?"

"Nimehesabu. Kwa orodha ya Mama."

"Kigae gani?"

Midomo yangu ikatangulia akili. "Z."

Shemeji akaiachia futi, ikajirudi yenyewe kwenye kasha lake kwa kishindo.

"Z ya pili haipo, mdogo wangu," Dada akasema polepole. "Haipo tangu siku ya Mama."

Habari za siku ile sijawahi kumuuliza mtu. Ningeulizaje?

"Mama alikuwa akipata Z anafanyaje?"

"Haitoi," nikasema. "Anaikalia mpaka mwisho."

"Basi siku ile, kabla jeneza halijafungwa, Baba alifungua sanduku hili, akatoa Z moja, akamtia Mama kiganjani. Akamwambia, 'Usiitoe mapema.' Watu tulilia na kucheka kwa pamoja. Kila aliyekuwepo anajua. Shemeji yako anajua. Wanangu wadogo wanajua. Wewe hukuwepo, kwa hiyo wewe kuihesabu, sikulaumu."

Akanyoosha kidole kwenye ile kona.

"Ila huyu hapa alikuwepo. Kona hii inazibwa na mtu anayeiogopa Z. Baba, uliziba nini?"

Baba alikuwa anautazama ubao.

Dada akasimama, akazunguka meza, akakigeuza kibao cha Baba. RANDA ilikuwa bado imejipanga pale, safi.

"Ulikuwa na RANDA mkononi, Baba. Ukaiacha, ukamzibia pepo njia." Akakirudisha kibao mezani. "Nina mambo mawili tu kichwani na yote siyataki. Ama Baba amesahau kwamba alimuaga Mama kwa ile Z. Ama aliyecheza hapa si Baba."

Alikuwa ananitazama mimi.

Mkono wa Baba ukanifikia chini ya meza. Haukufinya. Ulinikandamiza goti, kama unavyomkandamiza mtoto anayetaka kunyanyuka.

"Nimesahau, mama," Baba akasema. "Nilidhani unayo wewe."

Hapo ndipo nikaelewa ile huruma. Alijua. Ile mara tatu alikuwa ananiuliza kama nina hakika kwamba Z ipo, yeye aliyeiweka kiganjani kwa mkewe kwa mkono wake. Mimi nikakohoa. Na badala ya kuniumbua aliweka vigae nilivyomwambia, na sasa alikuwa anaitoa nyumba yake ili nisionekane mwongo.

Dada akajifunika uso kwa viganja. Analia kama Mama, bila sauti. Shemeji akasema, taratibu, "Basi, nitaleta kamba," akatoka.

Baba akapeleka mkono sikioni. Akakitoa kifaa, akakilaza juu ya ubao, mbele ya AMANI. Hakutaka kunisikia.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika mwisho wake pale mezani. Nikinyamaza, Baba anahama na jina la mtu aliyesahau kumuaga mkewe. Nikisema, ushindi wake wa kwanza unakufa pamoja na uongo wangu. Nikaisukuma simu katikati ya meza, kioo juu.

"Dada. Soma."

Akajipangusa macho, akaishika. Alisoma muda mrefu. Kisha akakitazama kile kifaa pale ubaoni, akarudia kuitazama simu, na nikaona anaunganisha.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili ya kwanza."

"Hata nilipokuwa nacho sikioni mwangu?"

"Hata hapo. Nisamehe, Dada. Baba hakusahau kitu. Mimi ndiye niliyemwambia azibe. Tazama ile RANDA, ile hakuambiwa na mtu, aliipanga mwenyewe!"

"Nikuamini kwa lipi?"

Nikakisukuma kibao chenye RANDA mbele yake.

"Miezi yote hii unakaa naye," akasema, na sasa hakuwa na hasira, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Unakula naye, unalala chumba cha pili. Unaniambia Baba mzima, Baba mzima. Anaweza kucheza mwenyewe au hawezi?"

"Anaweza."

"Umeona?"

"Sijaona."

"Kwa hiyo hata wewe hujui."

Akaizima simu yangu, akaitia kwenye mfuko wa gauni lake. Akakichukua kifaa, akakiweka juu ya kabati, mbali na mkono wa mtu yeyote. Kisha akakusanya vigae vyote, akavitia kwenye mfuko wa vigae, na kuutikisa mbele ya macho ya Baba.

Baba hakuhitaji kusikia. Alitutazama mmoja mmoja, akaitazama meza tupu, akatikisa kichwa kukubali.

Shemeji alirudi na kamba begani, akasimama mlangoni.

"Ngoja kwanza," Dada akamwambia. "Anacheza Baba, aweke neno moja. Peke yake."

Baba akatia mkono mfukoni, akatoa saba. Akavipanga kwenye kibao. Kwa mara ya kwanza niligeuza uso nisivione, kwa sababu sikutaka hata macho yangu yamsaidie.

Dakika ikapita. Nilimsikia akivisogeza: kigae kwa kigae, kisha kimya. Dakika ya pili. Akavisogeza tena. Dada alikuwa ameukaza mfuko kwa mikono miwili na midomo yake inatembea. Nadhani alikuwa anaomba Mungu, na nadhani aliomba Baba apate.

Dakika ya tatu, vigae havikusogea tena.

Ndipo nikausikia mkono wake, chini ya meza, unapapasa, unatafuta goti langu. Ukalipata.

Akanifinya mara moja, mara mbili, mara tatu. Una hakika? Na safari hii sikuwa nimemwambia neno lolote.